Taa ya VSC na ile ya gari kuteleza zinawaka kwenye Harrier, makanika anataka ninunue pampu ya ABS

mama_mitumba_busia

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Naombeni msaada kabla sijamwaga hela ya karo ya watoto kwenye gari.

Nina Harrier ya 2004, hii ambayo Kampala wanaiita Kawundo, injini ni 2AZ lita 2.4, otomatiki. Naitumia kupeleka mizigo midogo Busia hadi Kampala, mara mbili kwa wiki nipo barabarani. Sasa wiki iliyopita natoka Kampala jioni, nimeshapita msitu wa Mabira, nikakuta lori la miwa mbele linatambaa, nikakanyaga breki taratibu tu wala si kwa nguvu, gari linakaribia kusimama nikasikia pedali inatetemeka chini ya mguu, krrrrr, kama mtu anasaga mahindi. Nikaogopa nikadhani nimekanyaga kitu. Kidogo dashibodi ikawaka kama mti wa Krismasi: ABS (ya kuzuia matairi yasifunge ukishika breki), VSC (ya kulinda gari lisiyumbe), na ile picha ya gari lenye michirizi miwili nyuma kama nyoka.

Nikapaki pembeni nikazima, nikawasha tena, taa zote zikapotea. Nikashukuru Mungu. Nikaenda zangu kama umbali wa kutoka kanisani hadi sokoni, zikarudi. Tangu siku hiyo ndiyo mchezo wetu, nikizima zinapotea nikitembea zinarudi, na pedali inasaga kila ninapotaka kusimama kabla taa hazijawaka. Zikishawaka, pedali haisagi tena.

Makanika wa kwanza alichomeka kile kidude cha buluu cha simu akasema gari halina kosa lolote. Wa pili hakuchomeka chochote, alifungua boneti akaangalia akasema pampu ya ABS imekufa, kuna moja imetumika anaijua mahali, laki tisa, na kazi yake laki moja na nusu. Ati nikichelewa breki zitakataa kabisa. Jamani ni kweli? Gari linashika breki vizuri tu.

koboko_moja

Nyabo dawa ipo, chukua kipande cha gamu nyeusi bandika juu ya hizo taa, elfu mbili tu umemaliza 😂😂

Sawa natania. Ila siyo utani sana, gari niliyonunua mimi mwaka juzi ilikuwa imefanyiwa hivyo hivyo, tena huyu alikuwa fundi, alitoa balbu kabisa nyuma ya dashibodi. Nilikuja kujua siku ya mvua gari lilipoanza kucheza dansi kwenye tope. Kwa hiyo wanaonunua magari sikilizeni, ukifungua swichi kabla ya kustati taa ya ABS na ya VSC LAZIMA ziwake sekunde kadhaa halafu zizime zenyewe. Kama haziwaki kabisa, usifurahi, kuna mtu kaua shahidi.

subaru_mbale

Mimi nina Forester na yangu iliwasha taa kama hiyo ya kuteleza pamoja na check engine, na taa ya kruzi ikawa inapepesa. Ilikuwa sensa ya oksijeni kwenye egzosti, haina hata uhusiano na matairi. Nilivyoelezwa ni kwamba injini ikiwa na kosa, kompyuta inazima traction (ile ya kuzuia tairi lisizunguke bure) yenyewe, kwa sababu traction inafanya kazi kwa kuiambia injini ipunguze nguvu, sasa kama injini yenyewe inaumwa haitaki kupokea amri. Angalia kwanza kama check engine nayo imewaka.

mama_mitumba_busia

Hapana check engine haijawaka. Ni hizo tatu tu.

premio_nyeupe

Betri. Pima betri na altaneta. Gari ya shemeji ilikuwa inawasha taa zote hizo kila asubuhi, mwisho wa siku altaneta ilikuwa inachaji volti 12 na kidogo badala ya 14. Vitu hivi vya ABS vinapenda umeme wa kutosha, ukipungua vinajizima vyenyewe vinawasha taa.

Pia angalia usije ukawa umeminya ile swichi ya kuzima TRC, yaani traction, kwa goti. Mtoto wangu aliiminya nikalala siku tatu bila usingizi.

fundi_wa_waya

Habari mama. Mimi nafanya umeme wa magari hapa Kampala, naomba uchukue muda kidogo usome hii maana umeandika maelezo mazuri kuliko wateja wangu wengi, wengi wanakuja wanasema "kuna taa" basi, taa gani, hajui.

Kwanza usinunue hiyo pampu. Sisemi huyo makanika ni mwizi, simjui, lakini maneno yako mwenyewe yanamkataa. Ile krrrr unayosikia chini ya mguu NDIYO pampu. Ndiyo valvu za ABS zinafungua na kufunga na mota inazunguka. Pampu iliyokufa haingurumi. Yako ni nzima na inafanya kazi, shida ni kwamba inafanya kazi wakati haijaitwa. Kuna mtu anaidanganya.

Nikueleze inavyodanganywa. Kila tairi lina sensa yake ndogo inayohesabu mzunguko, na kompyuta inalinganisha zote nne. Ukishika breki halafu tairi moja likaonekana limesimama ghafla wakati matatu bado yanazunguka, kompyuta inajua hilo limefunga, linateleza, inaachia breki ya tairi hilo haraka haraka mara nyingi, hiyo ndiyo ABS. Traction ni ndugu yake wa upande wa pili, hapo unakanyaga mafuta siyo breki, tairi moja likizunguka kasi kuliko mengine kompyuta inapunguza nguvu ya injini na kulishika breki tairi hilo peke yake. VSC naye anatumia sensa hizo hizo akiongeza ya usukani na ile inayosikia gari linavyojipinda. Kwa hiyo nyumba ni moja, sensa moja ikisema uongo wote watatu wanafunga duka na taa zote tatu zinawaka. Ndiyo maana ukiona taa ya traction usikimbilie kufikiri kuna kitu kinaitwa traction kimeharibika. Mara nyingi hakuna.

Na ndiyo maana pedali inaacha kusaga taa zikishawaka. Kompyuta imegundua inadanganywa, imejitoa, umebaki na breki za kawaida. Breki zako hazitakataa. Ila huna ABS, kwenye lami iliyolowa ukikanyaga kwa hofu matairi yatafunga, kaa mbali na gari la mbele.

Kile kidude cha buluu usikilaumu, vingi vya aina hiyo vinasoma kodi (namba za makosa) za injini tu zinazoanza na P. Kodi za ABS zinaanza na C na ziko kwenye kompyuta nyingine, kidude hakifiki huko. Aliposema hakuna kosa alikuwa anasema injini haina kosa.

Sasa nijibu mawili. Taa zinarudi ukifungua swichi gari likiwa limesimama, au mpaka utembee? Na la pili ndilo kubwa: ni kitu gani kilifanywa kwenye gari hilo kabla ya hiyo siku ya Mabira? Hata kama unaona hakihusiani.

koboko_moja

Huyu sasa ndiye fundi. Mimi naondoa gamu yangu.

mama_mitumba_busia

Webale nnyo ssebo, asante sana. Nimesoma mara mbili.

Zinarudi mpaka nitembee. Nikifungua swichi zinawaka kidogo zinazima vizuri.

Kabla ya Mabira… sikufanya kitu cha breki. Nilibadilisha matairi mawili ya mbele mwezi uliopita, saizi ile ile. Halafu kulikuwa na sauti ka-ka-ka-ka nikikata kona usukani mpaka mwisho, upande wa abiria, makanika akasema sivijointi (kile kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi) imekwisha akaweka mpya. Hiyo ni kama wiki moja kabla. Lakini sauti iliisha kabisa, kazi aliifanya vizuri. Samahani na jambo lingine, wakati nasubiri majibu hapa shemeji alinishauri ninunue sensa ya mbele kulia maana yake iliwahi kufa ya kulia, nimeshainunua laki na ishirini, mpya. Imefungwa. Taa bado.

fundi_wa_waya

Eeeh mama 😄 shemeji tena. Kwa nini ya kulia?

Sawa. Sivijointi. Upande wa abiria maana yake mbele kushoto. Usimguse mtu yeyote bado, usinunue kitu chochote bado, tupate ushahidi. Gari lako lenyewe litakwambia ni tairi gani, bila mashine.

Toyota za miaka hiyo zinatoa kodi kwa kupepesa taa. Chini ya usukani kuna ile soketi pana upande mmoja mwembamba upande mwingine, wanapochomeka mashine. Ina matundu 16, manane juu manane chini. Ukiiangalia uso kwa uso upande mpana ukiwa juu, hesabu kutoka kushoto: juu ya nne ni nambari 4, hiyo ni bodi, hasi. Chini ya tano ni nambari 13, hiyo inaitwa TC. Swichi ikiwa imezimwa, chukua waya mwembamba au klipu ya karatasi iliyonyooshwa, unganisha 4 na 13. Halafu fungua swichi, usistati, angalia taa ya ABS.

Angalizo, ile ya mwisho kabisa chini kulia, 16, ni moto wa betri moja kwa moja hauzimwi na swichi. Ukiunganisha hiyo na 4 unaunguza fyuzi hapo hapo. Hesabu mara tatu. Kama macho hayaoni vizuri mpe mtoto wa shule ahesabu, usione haya.

Taa ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikiwa kuna kosa itapepesa kwa utulivu, tarakimu ya kwanza, itapumua, tarakimu ya pili, halafu kimya kirefu kisha inarudia. 31 ni mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto, ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva. 41 ni umeme mdogo, hapo premio_nyeupe atakuwa ameshinda. 49 ni mambo ya swichi ya taa za breki. Niandikie unachoona.

afande_mstaafu

Kabla hajarudi naomba niseme kitu, mimi ni mzee niko Gulu, nimeendesha magari ya kazi miaka mingi, Karamoja, Kitgum, West Nile yote. Kuna vijana hapa gereji wanawaambia watu "toa fyuzi ya ABS mambo yaishe". Taa hazizimi kwa kutoa fyuzi, zinabaki zinawaka, na wewe umejitoa kinga mwenyewe. Kama unataka kuizima kuna mahali pake, ukizama kwenye ule udongo mweusi wa Karamoja wakati wa mvua traction inakuwa adui, unakanyaga mafuta yenyewe inakata nguvu, tairi linaacha kuzunguka mnabaki hapo mpaka ng'ombe waje kuwaangalia. Hapo minya TRC OFF, jitoe, kisha rudisha. Hiyo swichi iliwekwa kwa kazi hiyo. Lakini kwenye lami ya kwenda Karuma mvua inanyesha na mabasi yanakuja, mimi naitaka yote iwe kazini.

Pia mama angalia matope. Gari za marramu zinajaza udongo mkavu nyuma ya habu (kitovu cha tairi) kama chungu, na kwenye udongo wetu kuna vumbi la chuma, sensa za sumaku zinalivuta zinavaa ndevu. Niliwahi kutoa sensa, nikaipangusa kwa kitambaa, nikairudisha, nikaendesha miaka miwili.

ndeeba_boy

afande umenikumbusha panya. Mimi yangu panya walikula waya wa sensa ya nyuma gari likiwa limepaki wiki tatu tu, nilibadilisha sensa mbili kabla mtu hajainama kuangalia waya.

mama_mitumba_busia

Nimerudi. Jana usiku, baada ya kula, mimi na kijana wangu wa S2, sekondari mwaka wa pili, na tochi ya simu. Kuhesabu yale matundu si mchezo, nimelala chali kichwa kiko kwenye pedali, miguu iko nje, jirani akauliza mama kwema? Tulihesabu mara tatu kama ulivyosema, kijana ndiye aliyechomeka, klipu ya daftari lake.

Nikafungua swichi. Taa ya ABS: pa, pa, pa… kimya… pa, pa. Halafu kimya kirefu. Tena pa pa pa, pa pa. Kijana akasema mama ni thelathini na mbili. Nikamwambia hesabu tena. Thelathini na mbili. Hakuna nyingine.

Mbele kushoto. Nimemtumia shemeji huo ujumbe hajajibu 😐

Kwa hiyo ninunue sensa ya kushoto?

premio_nyeupe

Nimeshindwa kwa heshima. Hamisha ile mpya ya kulia uiweke kushoto si inafanana?

fundi_wa_waya

HAPANA, ngojeni kwanza. Na ya kulia na ya kushoto mara nyingi hazifanani, bano na waya zinakaa kinyume.

Mama kodi 32 haisemi "sensa ya kushoto imekufa". Inasema "kutoka mbele kushoto napata habari isiyoeleweka". Habari inaanzia kwenye meno, inaingia sensa, inapita waya, inafika kompyuta. Popote hapo katikati panaweza kuwa na shida. Ukiona mtoto hasikii darasani huanzi kwa kubadilisha mwalimu.

Sensa yako ni hivi: kwenye kichwa cha sivijointi, nje yake, kuna ringi ya chuma yenye meno madogo kama ya gia imebanwa kwa nguvu. Sensa imekaa karibu nayo nafasi kama unene wa kadi, haigusi. Jino likipita sensa inatoa wimbi dogo la umeme, kompyuta inahesabu mawimbi. Ringi ikipasuka, mahali pa ufa nafasi ya jino na jino inakuwa pana kuliko kwingine. Ukienda kasi kompyuta inaweza kusamehe, lakini ukienda polepole unakaribia kusimama ule mwanya unaonekana kama tairi limesimama ghafla, na ABS inaruka: krrrr. Hicho ndicho ulichoandika tangu mwanzo, na kwa sababu hiyo nilikuuliza kilichofanywa kabla. Sensa iliyokufa kabisa, waya umekatika, mara nyingi inawasha taa mara moja ukifungua swichi na pedali haisagi. Yako inasaga, inapotea, inarudi ukitembea. Sensa inaona kitu, ila anachoonyeshwa ndicho kibovu.

Sivijointi za dukani zinakuja aina mbili, zenye ringi na zisizo na ringi. Kwa macho ya haraka zinafanana, bei inapishana. Mtu akipewa isiyo na ringi kwa gari lenye ABS anafanya moja kati ya mawili: anafunga hivyo hivyo, taa inawaka siku hiyo hiyo, au anaing'oa ringi kwenye ile ya zamani kwa nyundo na patasi anaipigilia kwenye mpya. Ringi yenyewe ni nyembamba halafu imekaa miaka 20 na kutu. Inapasuka kaufa kadogo kama unywele, hakuna anayeona, gari linatembea siku chache, ufa unapanuka kwa joto na mashimo, halafu siku moja uko nyuma ya lori la miwa.

Siwezi kuapa bila kuona. Mwambie mtu apige jeki mbele kushoto, aweke na jiwe au stendi usiamini jeki peke yake, gia iwe N na hendibreki juu, matairi ya nyuma yazuiwe. Atoe tairi. Aingize tochi nyuma ya diski, atafute meno, azungushe habu pole pole kwa mkono mzunguko mzima. Anatafuta ufa, jino lililovunjika, au ringi iliyokaa upande. Nyingi za Toyota zina meno 48, kama una subira aweke alama ya chaki ahesabu. Kama meno yako sawa, ndipo achomoe sensa apime kwa mita, ya kushoto alinganishe na ya kulia, kama ni ya koili zote mbili ziwe karibu sawa, na aangalie waya unapopinda karibu na shokabzoba, hapo ndipo wanakatika ndani plastiki ya nje ikiwa nzima.

koboko_moja

"Mtoto hasikii darasani huanzi kwa kubadilisha mwalimu" hii naiba.

ndeeba_boy

Lakini fundi kwani ringi haiuzwi peke yake? Soko la spea la Kisekka nimeziona.

fundi_wa_waya

Zinauzwa ndiyo, ila lazima ipate kipenyo kamili na idadi ya meno ile ile, tena iingizwe ikiwa imepashwa moto ipanuke ikae yenyewe, siyo nyundo. Idadi ikitofautiana hata kidogo tairi hilo litaonekana linakimbia kuliko mengine au linabaki nyuma siku zote na taa itawaka hapo hapo. Kwa bei za hapa bora sivijointi yenye ringi yake kutoka kiwandani. Mwambie muuzaji neno moja tu, "ya ABS", na uione kwa macho kabla ya kulipa.

mama_mitumba_busia

Wakuu.

Nilirudi kwa yule aliyefunga sivijointi, sikwenda na hasira, nilimwambia tu naomba tupige jeki tuangalie kitu. Alitoa tairi akaingiza tochi akazungusha. Mimi mwenyewe niliinama nikaona meno, meno, meno, meno yamepangana kama ya kitana, halafu pwa, mwanya. Ufa umepasua ringi toka upande hadi upande, kwenye ule mwanya ncha ya msumari wa inchi mbili inaingia. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema "ile mpya haikuja na ringi mama, nikahamisha ya zamani." Nikamuuliza ulihamishaje, akaangalia nyundo.

Simtaji na sitamtaja, hakunificha, na kazi yake ya mikono nilikubali kulipa mara ya kwanza tu, hii ya pili ameifanya bure. Sivijointi ya ABS nimeilipia mimi laki moja na themanini, ile isiyo na ringi muuzaji amekataa kuirudisha kwa sababu imeshapakwa grisi. Tulipomaliza kijana akachomeka klipu tena 4 na 13, tukafungua swichi, kodi ilikuwa bado imekaa.

fundi_wa_waya

Ni kawaida, kosa la zamani limehifadhiwa. Klipu ikiwa humo humo na swichi iko wazi, kanyaga breki mara nane au zaidi ndani ya sekunde tano. Haraka, kama unaua mende.

mama_mitumba_busia

😂😂 Nimeua mende kumi. Taa ya ABS inapepesa haraka haraka bila kupumzika. Nimetoa klipu, nimestati, taa zote zimezima. Nimeenda hadi Bugiri na kurudi, nimesimama makusudi nyuma ya kila boda na kila mbuzi, pedali imetulia kama godoro. Mvua ilikuwa inanyesha hata.

Yule wa pampu ya laki tisa amenipigia leo anauliza kama niko tayari, kuna mteja mwingine anaitaka. Nimemwambia ampe tu.

afande_mstaafu

Hongera mama. Na hongera kwa huyo kijana wa S2, mnunulie klipu nyingine.

premio_nyeupe

Fundi uko sehemu gani Kampala nikuletee ya kwangu? Inawaka kodi 41 nimehesabu sasa hivi, nimechekelea peke yangu.

fundi_wa_waya

41 ndiyo ile yako ya umeme mdogo, ulikuwa unajitabiria. Anza na nguzo za betri, zisugue kwa maji ya moto na brashi, kaza, kisha pima ukiwa umestati na taa kubwa zikiwa zimewaka. Ikiwa chini ya 13.5 ndipo uje.

mama_mitumba_busia

Mwisho kabisa jamani, ile sensa ya mbele kulia ya zamani ilikuwa nzima, nimeirudisha mahali pake. Mpya iko kwenye boksi lake, Harrier 2003 kwenda juu, laki na ishirini nilinunua, natoa kwa laki. Busia, mpakani, au nakuja nayo Kampala Alhamisi. Shemeji hauziwi.